Injini ya Marehemu Caleb

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache alasiri Inspekta Kamene Muindi alipoingia Kaloleni, akawakuta kina mama wakiwaita watoto wao ndani. Hakuna aliyemwambia kwa nini, na hakuhitaji kuambiwa. Saa kumi ikifika, Mzee Johnson Ondiek angetoka nje uani kwake, angeshika kamba ya injini ya boti ya mwanawe aliyekufa maji, na angeanza kuvuta.

Kwa wiki tatu mtaa mzima ulikuwa ukiisikia. Kamba inavutwa, injini inakohoa mara mbili, kimya. Inavutwa tena, inakohoa mara mbili, kimya. Jirani wa ukuta wa pili, Mama Clare, aliapa kwamba kikohozi kile ni cha Caleb mwenyewe, maana alimlea pamoja na wanawe na alikijua kifua chake tangu akiwa mchanga. Wengine walisema marehemu hataki mashine yake iguswe. Kamene hakuwa mtu wa kushika habari za namna hiyo. Lakini alikisikia kikohozi hicho mara moja wiki iliyopita, akarudi kwake Kayole akakaa na sahani ya chakula mapajani mpaka kikapoa.

Leo alikuja na faili kwapani na fundi nyuma yake. Faili haikuwa ndefu. Caleb Ondiek, mvuvi wa miaka thelathini na minne, alizama ziwani asubuhi moja wiki tano zilizopita, injini yake ilipozimika upepo ukiwa umeshapanda. Boti iligeuka ubavu, wimbi likaipindua. Jioni iliyotangulia, ndugu yake mdogo Willis, mchomeleaji wa vyuma huku Nairobi aliyekuwa likizoni nyumbani, ndiye aliyejaza petroli. Ndugu hao walikuwa wamegombana ufukweni mbele ya watu. Willis alitaka naye apewe zamu ya boti, akanyimwa, na mashahidi wanne walimsikia akisema iko siku mashine hiyo itammeza Caleb. Petroli iliyobaki kwenye tangi ilipopimwa ilikutwa na maji. Willis alikamatwa Kayole, na kwa siku kumi na tatu alizokaa rumande alisema jambo moja tu, kwamba mafuta aliweka yeye.

Amri ya korti ya kumzuilia ilikuwa inaisha kesho saa tatu asubuhi. Karatasi ya mashtaka ilishapigwa chapa, shtaka la mauaji, na ilisubiri saini ya Kamene. Mkubwa wake alimuuliza kinachomzuia. Alijibu kwamba amehoji wauaji wengi, na kila mmoja ama alikana ama alijitetea, lakini huyu anakaa tu kama mtu aliye kwenye foleni. Mkubwa akamwambia huo si ushahidi, akampa hadi asubuhi.

Fundi aliitwa Sharmarke. Alikuwa na karakana ndogo Industrial Area ya pampu, jenereta na injini za boti za uokoaji, na miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Njiani hakuuliza chochote kuhusu maiti wala mshukiwa. Aliuliza tu kama choki ya injini, ile ya kupunguza hewa wakati wa kuwasha, ni ya kuvuta au ya kubonyeza.

Uani, injini ilikuwa imefungwa kwenye ubao juu ya pipa la maji. Mzee Ondiek alisimama kando yake ndani ya ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na moja katika karakana ya treni, na hata sasa, akiwa na miaka sabini na minane, hakuweza kugusa spana kabla ya kuvaa ovaroli. Celine, mjane wa Caleb, alikaa kwenye kizingiti cha jikoni akichambua mboga. Alikuja mjini kufuatilia kesi, akafikia kwa baba mkwe wake.

Wakaamkiana, wakapeana pole. Mzee alimtazama Sharmarke toka viatu hadi miwani.

"Inspekta, naona leo umeniletea mwalimu."

"Nimekuja na fundi, Mzee, wa injini za boti."

"Na mimi nilikuwa nani kule reli, mpishi?"

Alisema hivyo kwa utani, lakini kamba hakuiachia. Kamene alimsogelea akamwomba kwa heshima amwachie mgeni mara moja tu, kwa ajili ya Willis. Jina hilo ndilo lililomfanya afungue vidole.

Sharmarke hakuvuta kwa nguvu. Alivuta polepole, amefumba macho, mara tatu. Kisha akatoa plagi, akairudisha kwenye waya wake, akaigusisha kwenye chuma na kuvuta tena. Cheche ya bluu ikaruka. Akabinya kipira cha kupampia mafuta mpaka kikawa kigumu, akakagua tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi, akanusa petroli mpya aliyoweka Mzee. Kisha akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba na kumwambia Kamene avute yeye. Kamene alivuta. Alitegemea kamba itagoma, lakini ilikuja laini kama uzi wa kushonea.

"Umesikia hiyo, Madam? Kidole yangu haijasukumwa. Spaki iko, mafuta inafika, lakini nguvu ya ndani imeisha. Ndio maana inakohoa na haishiki."

Kamene aliuliza kama maji kwenye petroli yangeweza kuifanya hivyo. Sharmarke alivaa miwani na kuigeuza plagi kwenye mwanga.

"Maji inakuonya. Injini inakwama, inaamka, inakwama tena. Plagi inabaki na unyevu. Hii angalia, imechomeka mpaka ikawa nyeupe. Na hizi nukta zinang'aa ni chuma ya ndani imeyeyuka. Hii injini haikuuawa na maji. Ilikufa kwa moto, kabla haijaingia kwa maji."

Kamene alifungua faili kwenye maelezo ya mvuvi mmoja aitwaye Amolo, aliyekuwa kwenye boti ya karibu asubuhi ile. Alikuwa ameyasoma mara kumi bila kuyasikia. Amolo alisema Caleb aliona upepo unakuja akafungua mafuta yote kukimbilia ufuko. Injini ikalia juu kabisa, kwa sauti nyembamba, halafu ikanyamaza papo hapo. Haikukwamakwama wala kukohoa. Na lile tangi, lililolala chini ya ziwa usiku kucha kabla ya kuopolewa, lingekosaje kuwa na maji?

Alilikata kwa mstari neno maji katika daftari lake. Kwa mara ya kwanza tangu achukue kesi hii alijisikia mwepesi. Wepesi huo haukudumu, kwa sababu Celine alikuwa ameacha mboga na kusimama.

Alisema kuna kitu kwenye simu yake, ujumbe wa sauti ambao hajaufungua tangu mazishi. Kamene alimwambia si lazima. Celine alijibu kwamba ni lazima, tena haraka, kabla moyo haujakataa. Akabonyeza, akaishika simu mbali na mwili wake.

Kwanza ilisikika kamba. Ilivutwa, ikavutwa, ikavutwa. Halafu sauti ya mwanamume, karibu kabisa, ikihema.

"Celi, hii kitu imenitesa tena leo. Nimevuta mpaka bega imekufa. Ikishika, lazima niache choki nusu ndio itembee, nikirudisha choki inazubaa. Tangu itoke Nairobi iko hivi. Mwambie Mzee nitampigia. Na hiyo dawa ya mtoto usisahau."

Nyuma yake injini ilishika, ikalia, na ujumbe ukaisha. Mzee Ondiek alikuwa amevua kofia. Upande wa pili wa ukuta Mama Clare aliacha kusugua sufuria. Kamene aliona aibu ya kuwa mgeni pale, na uchungu pia, maana mtu huyo alikuwa na sauti nzuri na hakuwahi kukutana naye.

Ilibidi aulize. Ujumbe ulikuwa wa siku tatu kabla ya ajali. Celine alimfikishia Mzee, na Mzee akakubali kwa kichwa kwamba ndiyo, aliambiwa, naye akajibu kijana avute kwa nguvu. Injini ililetwa Nairobi mwezi wa tatu kufanyiwa huduma, kwa kuwa Caleb hakumwamini fundi wa ufukweni. Ilikaa wiki mbili papa hapa uani. Kamene aliuliza nani waliigusa. Celine akasema ni Mzee, na Willis, ambaye alikuja kila Jumapili kumsaidia.

Kamene akaandika jina la Willis. Hakupenda alivyoliandika.

"Injini inaomba choki ikiwa imeshapata moto, hiyo iko na njaa," Sharmarke alisema, tayari ameshika bisibisi. "Hewa mingi, mafuta kidogo. Na hii ya boti si kama gari. Oili yake inakuja ndani ya petroli. Ukiinyima petroli, umeinyima oili."

Aliishusha kabureta, akaifungua juu ya kitambaa. Bakuli lake lilikuwa safi. Boya lilipanda na kushuka bila kukwama, na sindano yake haikuwa na uchafu. Akafungua jeti mbili, vile vishaba vidogo vyenye tundu la kupitishia petroli, kimoja cha kuwashia na kimoja cha kukimbilia. Aliziinua moja moja kwenye jua, kisha akamkabidhi Kamene pamoja na miwani yake.

Tundu la kila jeti lilikuwa limezibwa kwa lihamu, na katikati ya lihamu kukatobolewa tundu jipya, dogo kuliko la kwanza. Haikutoka kiwandani hivyo. Mtu aliketi chini na kuifanya.

Willis, mchomeleaji, siku za Jumapili. Kesi iliyokuwa imeanguka dakika ishirini zilizopita ilisimama tena, na safari hii ilisimama wima. Aliuliza kama mtu anayechomelea madirisha anaweza kufanya kazi ile, na Sharmarke akasema akitaka anaweza kujaribu.

"Lakini angalia vizuri. Tundu iko katikati kabisa. Kingo imesafishwa, halafu ikapigwa na kitambaa laini mpaka ikang'aa. Mtu wa kuharibu hapigi polishi."

Kamene aliangalia vizuri. Alikuwa ameuona mlango wa geti ambao Willis alikuwa akiuchomelea siku aliyokamatwa, umejaa mabonge kila kiungo. Mkono ule haukuwa huu. Akageuka, akaweka jeti kwenye kiganja cha Mzee Ondiek, na kumuuliza kama mtu anavyomuuliza mkubwa wa kazi.

"Mzee, kwa Nairobi hii, nani anaweza kufanya kazi safi namna hii?"

Mzee hakuhitaji miwani. Aliipitisha jeti kwenye ukucha, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu Kamene amjue.

"Hiyo ni yangu," alisema. "Nilitumia sindano ya cherehani ya marehemu mke wangu, nikaizungusha kwa mkono. Kazi ya siku mbili."

Akaeleza bila kuulizwa, kwa raha ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuulizwa kuhusu kazi yake. Injini ilipowashwa ndani ya pipa ilijaza ua moshi. Kamba za nguo za mtaa mzima zinapita pale. Mama Clare alifua shuka nyeupe za wageni wake wa kanisa zikanuka oili, akalazimika kuzifua upya, na alilalamika kwa upole, jambo lililomuumiza Mzee kuliko kama angelalamika kwa kelele. Watu wamekaa pamoja miaka hamsini. Mtu hawezi kumfukizia jirani kwa sababu ya mashine ya mwanawe.

"Na moshi wenyewe ni nini? Ni mafuta yanapotea bure. Miaka thelathini na moja hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Treni ikitoa moshi, unapunguza mafuta kidogo kidogo mpaka unaisha. Injini inapoa, inaishi miaka. Hii nayo ilipoa. Moshi uliisha kabisa. Muulize Willis, yeye ndiye alinishikia tochi."

Sharmarke alikuwa anatazama chini. Kamene alijua tayari, na alitamani mno asijue. Kinachofaa treni ya dizeli ndicho kilichoiua injini hii ndogo ya petroli. Mbele yake alisimama mzee asiyejua, na kituoni alikaa kijana ambaye kesho angesimama kizimbani kwa mauaji. Hakukuwa na njia ya kumtoa mmoja bila kumfikia mwingine. Sharmarke aliweka spana kwenye boliti za kifuniko cha silinda, akasita.

"Madam, nifungue?"

"Fungua."

Boliti ya kwanza ilitoka kirahisi kupita kiasi. Sharmarke alisema chini kwa chini kwamba kuna mtu ameshafungua hapa, si zamani, na spana yake haikuwa saizi. Akainua kifuniko. Ndani, ubavu wa pistoni ulikuwa umekwanguka toka juu hadi chini, na ukuta wa silinda umepakwa chuma kilichoyeyuka. Sharmarke alisogea pembeni, kwa sababu Mzee alikuwa ameinama.

Mzee Ondiek aliingiza kidole gumba, akapapasa. Vidole vyake vilikuwa vimepapasa silinda nyingi kuliko mtu yeyote Kaloleni.

"Hii imekauka," alisema. "Imefanya kazi bila oili."

Akakaa hivyo hivyo, kidole ndani.

"Oili inakuja na petroli," alisema tena, taratibu.

Akaitazama jeti iliyokuwa bado kwenye kiganja chake cha pili. Celine alikuwa amefunika mdomo kwa kanga. Kamene alisema lile alilokuwa nalo la kusema, kwamba Mzee hakujua, kwamba hakuna korti itakayoliita jambo hili mauaji, kwamba anachohitaji ni maelezo yake tu ili Willis atoke. Alisema kwa haraka na kwa sauti ambayo si yake. Mzee alimjibu kwamba habari ya korti haikuwa akilini mwake.

"Willis ndiye aliileta na basi, siku mbili baada ya kuzika. Akaniambia, Baba, ni maji tu iliingia. Usiifungue, ikaushe, uwe unavuta kidogo kidogo, itaamka. Nikamwamini. Wiki tatu nimevuta."

Kamene aliangalia boliti zilizokuwa kwenye kitambaa, zenye kingo zilizoliwa na spana isiyo saizi. Ndipo zile siku kumi na tatu za ukimya zikamwelea vizuri. Alitoa simu, akapiga kituoni, akamwambia konstebo wa zamu amtoe Willis Ondiek seli na kumpa simu. Angeweza kwenda barabarani kuzungumza. Aliiweka simu juu ya ukingo wa pipa, sauti ikiwa wazi kwa wote.

"Willis, ni Inspekta Kamene. Injini uliifungua wewe, kule ufukweni. Si ndio?"

Kulisikika kiti kikivutwa.

"Madam, andika maji." Sauti ilifanana na ya kwenye ujumbe, ila ilikuwa changa zaidi. "Mafuta niliweka mimi. Andika maji, na kesho nikiulizwa nitakubali."

"Ukikubali unajua utafungwa miaka mingapi?"

"Najua. Mimi nitaibeba. Mzee ako na miaka sabini na nane, hawezi kubeba hii. Nakuomba, Madam. Usiende Kaloleni."

Celine alianza kulia bila sauti. Mzee Ondiek alijifuta mikono kwenye ovaroli, upande mmoja kisha wa pili, akaivaa kofia yake, na kuinamia pipa.

"Willis," alisema. "Nimeiona pistoni."

Sauti iliyojibu sasa ilikuwa ya mtoto wa nyumba ile.

"Nani amekuonyesha, Baba?"

Mzee aliitazama injini iliyofunguliwa juu ya maji.

"Kaka yako," alisema.